Kulinda msitu wa asili wa mlimani dhidi ya wakata mbao: mwongozo kwa kamati za vijiji na wapanda milima

Misitu ya Tao la Mashariki, kuanzia Milima ya Taita upande wa Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa, haimalizwi kwa siku moja. Inaliwa mti mmoja mmoja. Mkulo mmoja huku, mpodo mmoja kule, mkangazi mmoja bondeni. Mwaka ukiisha, anayepita barabarani bado anaona mlima wa kijani na kuamini hakuna lililoharibika. Kwa hiyo malalamiko ya jumla, ya "msitu wetu unaisha", hayamfikishi mtu popote. Kinachombana mkataji, na kinachomfanya mwenye mamlaka ainuke kitini, ni taarifa yenye idadi, mahali na tarehe: visiki vingapi, viko ndani ya mpaka au nje, vimekatwa lini, na mbao zake zimepita barabarani kwa karatasi gani.

Maelekezo haya ni ya kamati za maliasili za vijiji, waongoza watalii na vikundi vya wapanda milima nchini Tanzania.

Anza na hadhi ya msitu

Kabla ya doria ya kwanza, jua msitu ni wa nani kisheria. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inatenganisha misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Juu ya hapo kuna Hifadhi za Mazingira Asilia, zenye ulinzi mkali zaidi, ambako uvunaji wa mbao hauruhusiwi. Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ilikuwa ya kwanza. Leo zimo pia Uluguru, Magamba, Chome, Nilo na Mkingu. Hizi na hifadhi nyingine za misitu ya taifa ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ukipeleka malalamiko kwa halmashauri kuhusu msitu wa TFS, barua itazunguka miezi mitatu mezani kwa watu wasiohusika, na mbao zitakuwa zimeshafika mjini.

Msitu ulio hatarini kuliko wote ni ule wa ardhi ya kijiji ambao haujatengwa. Hauna mpaka uliopimwa wala mpango, na kila mtu anaweza kudai ni wake. Dawa yake ni kuutenga kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji: mkutano mkuu wa kijiji unakubali na kuchagua kamati, mipaka inatembelewa pamoja na vijiji jirani na muhtasari unasainiwa na pande zote, rasilimali zinapimwa, mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapitishwa, kisha msitu unaandikishwa wilayani. Baada ya miaka mitatu ya usimamizi mzuri kijiji kinaweza kuomba utangazwe rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya vijiji jirani, na ndiyo inayorudi kuwauma watu: mkataji aliyekamatwa anadai alikuwa upande wa pili, na hakuna karatasi ya kumpinga.

Tafuta nyaraka nne: Tangazo la Serikali lililoanzisha hifadhi, ramani ya mipaka, mpango wa usimamizi unaotumika, na mkataba wa usimamizi wa pamoja kama kijiji kinapakana na hifadhi ya serikali. Zianzie kwa mtendaji wa kijiji na kwa mhifadhi. Ukizungushwa, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Baki na nakala yenye muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Nakala isiyo na muhuri ni sawa na barua ambayo haijaandikwa.

Kisha tembea mpaka wenyewe kwa miguu. Piga picha kila bikoni (jiwe au nguzo ya alama ya mpaka) na uandike namba yake. Bikoni iliyong'olewa, au mstari wa miti ya mpaka wenye pengo jipya, ni dalili ya kwanza kwamba kuna mtu ana mpango na eneo hilo.

Mtego wa ramani

Hapa kesi nyingi nzuri hufia. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ardhini ni takriban mita 300. Ukichukua nukta ya simu, yaani namba zinazotaja mahali ulipo, na kuichora moja kwa moja juu ya ramani ya karatasi, kisiki kilicho mita 200 ndani ya hifadhi kinaweza kuonekana kiko shambani kwa mtu. Wakili wa mshtakiwa anahitaji kosa hilo moja tu.

Kwa hiyo kila orodha ya nukta iandikwe juu yake mfumo uliotumika. Kama ni lazima kutumia ramani ya karatasi, badilisha mfumo ndani ya GPS kuwa Arc 1960 na uchague zoni sahihi ya UTM (gridi ya ramani inayoigawa dunia kwa kanda): sehemu kubwa ya Tao la Mashariki iko zoni 37 Kusini, lakini ukivuka magharibi ya longitudo 36, kama upande wa Mufindi, unaingia zoni 36. Kama unatumia nyuzi za desimali, andika tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu tatu zinaacha nafasi ya zaidi ya mita 100, na humo linaingia shamba zima.

Chini ya miti mikubwa GPS hupotoka mita 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi bondeni. Simama palepale dakika mbili au tatu, simu ikiwa juu na si mfukoni, ndipo uhifadhi nukta.

Mti unaotafutwa na namna unavyotoka

Wakata mbao hawaendi msituni kubahatisha. Mlimani juu wanafuata mkulo (Ocotea usambarensis), mpodo na, penye ukavu kidogo, mtarakwa. Chini zaidi wanafuata mkangazi na mvule. Kila kikundi cha doria kiwe na orodha ya miti mitano au sita inayolengwa kwenye msitu wao, kwa jina la Kiswahili na jina la kienyeji la hapo, na wanadoria waweze kuutambua mti kwa gome, jani na harufu ya mbao. Mkulo uliopasuliwa karibuni una harufu ya kafuri; ukiisikia kwenye ubao barabarani, hakuna haja ya kubishana kama ni mkaratusi.

Upasuaji wa kienyeji una alama zake. Gogo linapandishwa juu ya shimo au jukwaa la miti, mmoja anasimama juu na mwingine chini, wanavuta msumeno mrefu. Mahali hapo panabaki shimo, lundo la unga wa mbao, mabanzi ya pembeni ya gogo, jivu la mekoni na mara nyingi kibanda cha turubai. Zaidi ya nusu ya gogo huachwa palepale kama mabanzi na unga, kwa hivyo mbao mnazozikamata ni sehemu ndogo ya mti uliouawa. Msumeno wa mnyororo unaacha unga mnene na uso wa kisiki ulionyooka, wenye mistari sambamba. Shoka linaacha vibanzi vikubwa na kisiki chenye ncha. Andika kifaa kilichotumika, kwa sababu msumeno wa mnyororo unaelekeza kwa tajiri wa mbao anayefadhili. Kijana wa kijijini mara nyingi hana uwezo wa kuununua.

Mbao hubebwa kichwani au begani hadi mahali pikipiki au gari linapofika. Ubao wa futi 12 hauzunguki kona kali, kwa hiyo njia ya mbao hunyooka kupita kawaida, matawi yake hukatwa kwa urefu wa mtu na mzigo wake, na magome ya miti ya kando huwa yamechubuka kiunoni na begani. Ukiona njia ya namna hiyo, usiifuate kwenda juu kwanza. Ifuate kwenda chini, ujue inatokea wapi. Visiki vinaweza kuwa mia, ila sehemu za kupakilia ni mbili au tatu, na doria yenye watu wachache inafaa zaidi hapo kuliko kuzunguka mlima mzima.

Angalia pia kalenda. Ukataji hupanda siku za sikukuu, wikiendi, na wakati wa mvua kubwa ambapo sauti ya msumeno haifiki mbali. Doria ya kila Jumanne saa tatu asubuhi inawafundisha wakataji ratiba yenu.

Kuhesabu visiki

Hii ndiyo kazi yenye thamani kuliko zote, na inahitaji kamba, dira, tepu na daftari. Mwaka 1999 misitu ya Mlima Kenya ilikaguliwa kutoka angani, miti iliyokatwa ikahesabiwa na kuwekwa kwenye ramani. Mwaka uliofuata usimamizi wa msitu huo ulihamishiwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya. Kilimanjaro ilikaguliwa hivyohivyo mwaka 2001, na mwaka 2005 msitu wake uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Ninyi hamhitaji ndege.

Chora kwenye ramani mistari iliyonyooka kutoka mpakani kuelekea ndani, kwa umbali sawa kati ya mstari na mstari, mfano mita 450 au kilomita moja kutegemea ukubwa wa msitu. Ichoreni mezani kabla ya kwenda msituni. Mstari uliochaguliwa kwa sababu "huko kuna visiki vingi" hautoi picha ya msitu, na mtu yeyote anayejua takwimu ataukataa. Njia ya wapanda milima nayo haifai kuwa mstari wa kuhesabia, kwa kuwa wakataji ama wanaikwepa ama wanaitumia.

Timu ni watu wanne: mmoja anashika dira na kuvuta kamba ya mita 50, wawili wanatembea pembeni kulia na kushoto, mmoja anaandika. Hesabu kila kitu kilicho ndani ya mita 5 kila upande. Kila kipande cha mita 50 kina mstari wake kwenye fomu. Gawanya miti kwa ukubwa kwanza: nguzo ni shina la kipenyo cha sentimita 5 hadi 15 lililonyooka angalau mita 2; mti wa mbao ni zaidi ya sentimita 15 na umenyooka angalau mita 3. Mti hai unapimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kisha kila mmoja unawekwa kwenye kundi moja kati ya manne: hai, umekufa wenyewe, umekatwa zamani, umekatwa karibuni.

"Karibuni" iwe na maana moja kwa timu yote, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Kisiki kipya kina uso wenye rangi ya mbao, utomvu unaonata, unga ambao haujaoza na majani yaliyokauka lakini bado yameshika matawi. Kisiki cha zamani kimegeuka kijivu au cheusi, kina kuvu na kuvumwani. Kwenye mwinuko wenye ukungu kisiki huzeeka haraka kwa sura, hivyo mkiwa na shaka kwangueni kwa panga muone rangi ya ndani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mstari wa mita 2,000 wenye upana wa mita 10 ni mita za mraba 20,000, yaani hekta 2. Mkikuta visiki vipya 9, ni 4.5 kwa hekta. Kumbukeni mteremko: kwenye mlima wa nyuzi 30, kamba ya mita 50 inafunika mita 43 tu za ramani. Ama mrekebishe, ama muandike wazi kwamba mlipima juu ya ardhi na mfanye hivyohivyo kila mara. Mistari ileile irudiwe mwezi uleule kila mwaka. Baada ya miaka miwili mnaweza kusema ukataji umepanda au umeshuka, na katika eneo gani, na hapo hata mkuu wa wilaya atasikiliza.

Makosa ya kawaida: kuhesabu machipukizi matatu ya kisiki kimoja kama miti mitatu, kuruka korongo kwa sababu ni gumu kupitika (ndimo wakataji wanapojificha), na kujaza fomu jioni kambini kwa kukumbuka.

Ushahidi unaosimama mahakamani

Kwa kila kisiki kikubwa piga picha nne: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya kisiki kizima kikiwa na tepu au fimbo yenye vipimo, moja ya uso uliokatwa kutoka juu, na moja ya skrini ya GPS ikiwa kando ya kisiki. Pima kipenyo mara mbili kwa msalaba, uchukue wastani. Andika jina la mti, na ukichukua kipande cha gome au jani, kiwe kwenye mfuko wenye namba ileile ya kisiki.

Mkikuta mbao, msizihamishe kabla ya kuzihesabu. Andikeni idadi kwa kila ukubwa, kwa namna wanavyozitaja wafanyabiashara wenyewe: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, pamoja na urefu kwa futi. Ubao wa mbili kwa sita wenye futi 12 una futi moja ya ujazo kamili, na 35 za namna hiyo zinakaribia mita moja ya ujazo. Orodha isainiwe hapohapo na mtendaji au mjumbe wa serikali ya kijiji pamoja na afisa misitu akiwepo, nakala tatu. Mbao zilizokamatwa zina tabia ya kupungua usiku zikiwa kwenye ofisi ya kijiji. Pigeni picha ya lundo kila mlipokabidhi, na kila makabidhiano yawe na saini za pande mbili.

Usalama wa watu unatangulia kesi. Mwanadoria wa kijiji hana silaha, na mkataji ana panga na shoka. Msiende pungufu ya wanne, acheni taarifa kijijini ya njia na saa ya kurudi, na mkisikia msumeno unafanya kazi rudini nyuma, chukueni nukta na mpigie simu mhifadhi. Ukamataji ni kazi ya askari wa misitu na polisi. Mpanda mlima aliyekutana na wabebaji njiani awasalimie na apite; asiinue simu kupiga picha usoni kwa mtu. Jina la mtoa taarifa lisiandikwe kwenye fomu, wala lisitajwe kwenye mkutano au kundi la WhatsApp. Mtoa taarifa mmoja akichomewa nyumba, kijiji kizima kitanyamaza miaka kumi.

Karatasi: pale mbao haramu zinapogeuka halali

Mbao nyingi za msitu wa asili husafiri mchana kweupe zikiwa na karatasi. Kwa hiyo mjifunze kuzisoma. Leseni ya uvunaji inataja aina ya mti, kiasi, eneo na tarehe ya kuisha. Gogo lililovunwa kihalali hugongwa alama kwa nyundo ya afisa misitu, na kisiki chake pia. Mzigo unaosafiri unakuwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wengi huiita TP, yenye namba ya gari, njia, aina ya mbao na muda.

Ujanja unaojirudia ni mitatu. Leseni ni ya mikaratusi au misindano ya shambani, lakini chini ya lundo kuna mkulo. Ndiyo maana mkague safu za chini na za katikati. TP ni moja ila inatumika kwa safari mbili au tatu kabla ya muda wake kuisha, hasa pale tarehe ilipoandikwa kwa kalamu hafifu au nafasi yake kuachwa wazi. Au leseni ni ya kweli, lakini kiasi kilichovunwa ni mara mbili ya kilichoandikwa. Huu wa tatu unabainika kwa kuhesabu visiki vyenye nyundo na visivyo na nyundo katika eneo la leseni, jambo ambalo kamati ina haki na uwezo wa kulifanya.

Ukitilia shaka gari, andika namba yake, saa, mahali na upande lilikoelekea, upeleke kwa mhifadhi na kwa kizuizi cha maliasili kilicho mbele. Taarifa ya dakika kumi zilizopita ina maana. Ya jana ni simulizi tu.

Kamati na sheria ndogo

Sheria ndogo za kijiji hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na mkutano mkuu, na huthibitishwa na halmashauri ya wilaya. Bila hatua hiyo ya mwisho, Mahakama ya Mwanzo haizitambui, na faini mliyotoza inaweza kugeuzwa kuwa kesi dhidi yenu. Zitaje makosa kwa uwazi, kiwango cha faini, anayepokea, na mgawo wa wanadoria.

Kamati huharibika kwa fedha zaidi ya kitu kingine chochote. Faini isiyo na stakabadhi ni rushwa, hata ikiwa mpokeaji alikusudia mema. Mapato, matumizi na mbao zilizouzwa visomwe kwenye mkutano mkuu, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, na vibandikwe ubaoni. Wanawake wawe wajumbe wa kweli. Wanaochota maji na kuni ndio wa kwanza kujua chemchemi imepungua au kuna wageni msituni. Baada ya kila uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 2024, wapelekeni viongozi wapya mpakani na muwasomee mkataba wa usimamizi wa pamoja. Mikataba mingi hufa hapo, kwa sababu mwenyekiti mpya hajui kama upo.

Njia za wapanda milima kama ulinzi

Njia inayopitwa na watu kila wiki ni ngumu kuwekea kambi ya kupasulia mbao. Lakini njia pana, iliyonyooka, inayofika karibu na barabara ni zawadi kwa wabebaji. Tengenezeni njia nyembamba, isiyozidi mita moja, yenye kona na ngazi za mawe au magogo, ili mtu apite vizuri na ubao wa futi 12 ushindwe. Magogo yatoke kwenye miti iliyoanguka yenyewe, kwa idhini ya mhifadhi.

Wastani wa mwinuko usizidi asilimia 10. Penye zaidi ya hapo maji hugeuza njia kuwa mfereji, watu hutembea pembeni, njia inapanuka na mizizi ya miti mikubwa hubaki wazi. Wekeni vikingamaji (vizuizi vinavyotoa maji nje ya njia) vya mshazari kila mita 15 hadi 20 kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila mita 8 hadi 10 ukizidi 15. Visafisheni kabla ya masika na kabla ya vuli; kikingamaji kilichojaa udongo hakina kazi.

Waongoza watalii wapewe fomu fupi ya mistari sita: tarehe, njia, sauti ya msumeno na upande ilikotoka, kisiki kipya, kambi au moto, bikoni iliyoharibiwa. Fomu irudishwe getini siku hiyohiyo, hata kama hakuna kilichoonekana, kwa sababu "hakuna" nayo ni taarifa. Ramani za njia zinaweza kutangazwa mtandaoni bila wasiwasi, isipokuwa nukta za mikulo mikubwa na mikangazi. Picha ya mti wa karne nyingi iliyobeba nukta zake ni tangazo la mnada.

Setilaiti inasaidia wapi

Tovuti ya Global Forest Watch inatoa tahadhari za bure za ukataji wa misitu. Tahadhari za RADD zinatumia rada, kwa hiyo zinaona kupitia mawingu ambayo hayaondoki milimani kwetu, na kila kipande cha picha ni mita 10. Za GLAD, zinazotumia picha za setilaiti za Landsat, zina vipande vya mita 30 na huzibwa na mawingu. Programu ya Forest Watcher inazipakua kwenye simu mzitumie msituni bila mtandao. Zote zinaona shamba jipya, barabara, tanuri za mkaa zilizofyekewa eneo. Mkulo mmoja uliotolewa chini ya dari ya msitu hazitauona, na kwenye miteremko mikali kuna sehemu ambazo rada haizioni. Ukimya wa ramani usiwafanye mwache kuhesabu visiki.

Barabara au mradi ukija na kibali

Barabara ndani ya msitu ni hatari kubwa kuliko misumeno kumi, maana inaleta soko hadi kwenye shina. Mradi mkubwa ndani ya hifadhi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004. Sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Pimeni hizo mita 60 kwenye kila kijito ambacho mradi utavuka na muandike nukta zake. Pingamizi lenye vijito vinane vilivyotajwa kwa jina lina uzito kuliko saini elfu moja.

Barua ya pingamizi iwe kurasa mbili. Itaje mradi na namba ya kumbukumbu yake, hadhi ya msitu na Tangazo la Serikali, visiki kwa hekta kwa miaka mliyonayo, vyanzo vya maji na vijiji vinavyovitegemea, na njia mbadala mnayoipendekeza. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano mkuu wenye mahudhurio. Pelekeni kabla ya muda wa maoni kuisha, na mbaki na muhuri.

Pengo linalobaki

Mti mkubwa ukishaanguka, msijaze pengo kwa mche wowote uliopo kitaluni. Usambara Mashariki ilipata somo chungu: musizi (Maesopsis eminii), mti wa magharibi mwa nchi uliopandwa kule kwa ajili ya mbao, ulienea ndani ya msitu wa asili kupitia mapengo ya ukataji, mbegu zake zikibebwa na hondohondo. Miche yake ing'olewe kwa mkono ikiwa bado chini ya magoti, udongo ukiwa na unyevu, mzizi wote utoke. Iliyokwisha kuwa miti inabanduliwa gome kuzunguka shina kwa upana wa sentimita 30, kwa idhini ya mhifadhi, ife imesimama. Kuikata kunafungua pengo jingine na kuvunja miti ya asili iliyo chini yake.

Mkulo hurudi zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu. Zungukeni kisiki hadi mita 10, tafuteni machipukizi hayo, kila moja liwekewe kigingi chenye namba. Fyekeni magugu yanayolifunika kwa duara la mita moja tu, kivuli cha juu mkikiacha, na mpime urefu wake kila mnaporudi kuhesabu visiki.